Falanga isiyo na jina huliwa: mwongozo kamili wa kujiwekea malengo ya fedha

Mimi ni fundi cherehani wa Katuba, hapa Lubumbashi. Mwaka mmoja, siku ya kwanza ya Januari, niliandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja: "Mwaka huu nitaweka pesa." Desemba ilipofika nikalishusha kopo la maziwa ya unga nililokuwa nimelificha juu ya kabati. Ndani mlikuwa na franka 14,500 na vifungo viwili vya shati.

Na kazi ilikuwapo mwaka ule. Nilishona hadi usiku, umeme ukikatika naendelea kwa taa ya simu. Shida ni kwamba kila nilipotia noti koponi, siku tatu baadaye kulikuja jambo lenye jina lake: makala (mkaa) yamekwisha, mtoto ana homa, shangazi amefiwa Likasi. Pesa yangu haikuwa na jina, na pesa isiyo na jina ikikutana na shida yenye jina, unajua nani atashinda.

Mwongozo huu ni wa kuipa pesa jina. Bei na mapato ninayotaja ni mifano ya kufanyia hesabu. Wewe weka ya kwako.

Hatua ya kwanza: andika wiki nne, usibadilishe kitu

Watu wengi huanza na lengo. Anza na daftari. Nunua dogo linaloingia mfukoni; simu huzima umeme ukikosekana siku mbili, daftari halizimi. Kurasa za kushoto ni za kinachoingia, za kulia ni za kinachotoka. Kila ukurasa uwe na safu mbili, franka na dola, na usizichanganye bado. Katika wiki hizi nne usijizuie na usijilaumu. Unatazama tu.

Hii ni Jumanne moja ya kwangu. Iliingia 30,000 ya gauni na 5,000 ya kufupisha suruali. Ikatoka: taksibasi kwenda soko la Kenya, mtaa wa hapahapa mjini, na kurudi 3,000, uzi na zipu 7,500, makala 3,000, mboga na samaki 9,000, yunite na mega za simu 3,000, kikanda cha kutafuna njiani 1,500, jirani aliyekopa "hadi kesho" 5,000. Ingia 35,000, toka 32,000. Ungeniuliza jioni ile, ningeapa nimebakiza angalau 10,000.

Wiki nne zilipokwisha nilijumlisha yunite na mega peke yake: zaidi ya franka 60,000. Nilikuwa nadhani ni 20,000. Hakuna aliyeniibia, nilijimega mwenyewe vipande vya 500 na 1,000. Wazee hutuambia haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, ila haba na haba hukimwaga pia.

Kwa mwenye mshahara, upande wa kinachoingia ni rahisi. Kwa sisi wa mikono, wiki nne hazitoshi, inabidi ukumbuke mwaka mzima. Kazi yangu ina misimu kama shamba. Februari hadi mwanzo wa Machi wanawake wanaleta vikwembe (vitenge) vya tarehe 8 Machi, siku ya wanawake. Juni, Julai na Agosti, kiangazi, ni ndoa na sare za harusi. Agosti na Septemba ni shati jeupe na sketi au suruali ya buluu za shule. Desemba ni sikukuu. Januari wateja wanakuja kuomba kiraka. Chora miezi yako 12, andika kando ya kila mmoja: mzuri, wa kati, mbaya. Muuza unga, dereva wa taksi, mama wa mgahawa, kila mmoja ana kalenda yake. Matumizi yako ya lazima, yaani chakula, pango, makala na usafiri, yapimie kwenye mwezi mbaya. Mwezi mzuri hudanganya.

Hatua ya pili: ondoa deni linalokula

Kama unadaiwa kwa mkopo wa mtaani, ule tunaouita Banki Lambert (jina tu la mtaani, hakuna benki nyuma yake), basi lengo lako la kwanza tayari limeshachaguliwa. Hesabu yake ya kawaida ni hii: unachukua dola 100, mwisho wa mwezi unarudisha 150. Ukishindwa, unatoa 50 za riba na ile 100 inabaki palepale. Miezi minne ya namna hiyo umeshalipa dola 200 na bado unadaiwa 100. Hakuna akiba wala biashara ndogo itakayokimbia kwa kasi hiyo.

Andika madeni yote, hata ya dukani. Panga kwa ukali wa riba, lenye riba kali juu. Madeni mengine yape kiasi kidogo kile mlichokubaliana, nguvu yote iliyobaki ielekee la juu. Nenda kwa mwenye pesa kabla hajakufuata, mwambie utapunguza deni lenyewe kwa kiasi gani na lini, na kila unapolipa aandike kwenye daftari lako na kutia sahihi. Anayekataa kutia sahihi, lipa mbele ya shahidi.

Hatua ya tatu: lipe lengo jina lake lote

Jina la lengo lina sehemu nne: kitu gani, kiasi gani, kwa pesa ipi, siku gani. "Nitasomesha watoto" halijakamilika. "Ada ya mtoto wa sekondari, robo ya kwanza, franka 250,000, mkononi kufikia tarehe 25 Agosti" limekamilika. Unaweza kulisoma kwa mtu mwingine akakuuliza umefika wapi.

Ili kujua kiasi, tembea. Usikisie ukiwa umekaa kwenye kiti. Nilipotaka mashine ya kufunga pindo nilizunguka kwa wauzaji watatu na kwa fundi mwenzangu mmoja aliyekuwa anauza ya kwake, nikaandika bei zote nne. Ya juu na ya chini zilipishana karibu dola 90.

Chukua malengo matatu, yasizidi: moja la karibu, ndani ya miezi mitatu, moja la mwaka, moja la mbali. Nimeona madaftari yenye malengo 11, na huwa hakuna hata moja lililofika.

La karibu, kwa karibu kila mtu, liwe akiba ya dharura ya wiki mbili za chakula na safari moja ya hospitali. Ndiyo itakayoyalinda mengine mawili.

La mwaka, hapa mjini, mara nyingi ni shule, kifaa cha kazi au dhamana ya nyumba ya kupanga. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu mwaka wa masomo wa 2019-2020, ila sare, viatu na madaftari havijawa bure, na sekondari inalipwa. Kuhusu dhamana ya nyumba, sheria ya Desemba 2015 inaweka mwisho wa pango la miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Wenye nyumba wengi huomba zaidi. Jadiliana ukiijua sheria, lakini kwenye akiba pangilia kile wanachoomba kweli mtaani kwako.

Kuna lengo jingine la mwaka ambalo watu hawalihesabu kuwa la fedha, nami nalipenda kuliko yote: mahindi. Bukari yetu, yaani ugali, inategemea sana mahindi ya Zambia yanayopita Kasumbalesa. Baada ya mavuno, kuanzia Aprili au Mei, bei hushuka. Ikifika Desemba hadi Februari, mvua ikinyesha na ghala zikiwa tupu, hupanda, na Zambia ikibana mahindi yake mwaka huo, hupanda kwa fujo. Ukijikusanyia pesa ya mifuko minne mwezi wa sita ukanunua punje zilizokauka vizuri, unakuwa umejikata gharama ya miezi mibaya zaidi ya mwaka. Nunua punje, usinunue unga, maana unga hauvumilii. Weka mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, na uikague kila wiki kwa sababu ya fukusi. Sijui kitabu cha akiba kinachotoa faida kama ile ya mfuko wa Juni ulioliwa Januari.

La mbali kwa wengi wetu ni lupango, yaani kiwanja. Nitalirudia mwishoni.

Hatua ya nne: gawanya kwa miezi yako, si kwa 12

Tuseme mashine ni dola 360. Kila mwalimu wa hesabu atakwambia 30 kwa mwezi. Jaribu kutoa 30 Januari ukiwa fundi cherehani! Utashindwa mwezi wa kwanza, utakata tamaa, kopo litarudi kuwa la vifungo. Mimi niligawanya hivi: Januari 10, Februari 30, Machi 50, Aprili 15, Mei 15, Juni 30, Julai 40, Agosti 60, Septemba 40, Oktoba 10, Novemba 15, Desemba 45. Jumla ni 360 ileile. Tofauti ni kwamba mwezi mbaya naudai kidogo na mwezi mzuri naudai bila huruma.

Kisha mwezi uuvunje kwa wiki, na wiki uifunge kwenye kazi. Kwangu, Machi maana yake ni kwamba katika kila kikwembe cha tarehe 8 ninachoshona, dola 2 zinatoka siku hiyohiyo mteja anapolipa, kabla sijafunga mlango. Dereva anaweza kusema safari mbili za kwanza za Jumamosi ni za lengo. Mwenye mshahara atoe siku ya mshahara, asubuhi. Ukingoja "kitakachobaki", umeshaona Jumanne yangu ilibakiza nini.

Sasa pima. Jumlisha malengo yote matatu kwa mwezi mmoja wa kati. Ulinganishe na kile daftari lilichoonyesha kinaweza kubaki. Malengo yakizidi, una njia tatu: sogeza tarehe, punguza kitu, au futa lengo moja. Kuna ya nne, kutafuta pesa zaidi, lakini hiyo usiiandike kwenye hesabu mpaka pesa yenyewe ifike mkononi.

Hatua ya tano: weka akiba kwa pesa utakayolipia

Hapa ndipo miongozo ya nchi nyingine haitusaidii, maana sisi tunaishi na pesa mbili. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa kama franka 930. Mwaka 2024 ilikuwa kama 2,800. Aliyeweka franka miaka yote hiyo kwa ajili ya kununua lupango kwa dola anajua alichopoteza. Kwa hiyo tulijifunza: weka dola tu.

Halafu ukaja mwaka 2025, franka ikapanda ghafla ndani ya wiki chache, dola ikashuka chini ya 2,500. Mtu aliyekuwa na dola 300 za ada ya franka, akizihesabu kwa 2,800, alijiona ana 840,000. Akibadilisha kwa 2,400 anapata 720,000. Franka 120,000 zimeyeyuka bila yeye kununua hata sabuni.

Kanuni yangu sasa ni fupi. Kitu kinacholipwa kwa franka, na siku yake iko ndani ya miezi mitatu, kinawekwa kwa franka. Kinacholipwa kwa dola kinawekwa kwa dola tangu mwanzo. Kilicho cha franka lakini kiko mbali, nagawa nusu kwa nusu na kubadilisha kidogokidogo. Siwezi kubashiri soko, wala mbadilishaji anayekaa barabarani na meza yake hawezi.

Na dola zenyewe zikague. Noti iliyochanika kidogo pembeni, iliyoandikwa kwa kalamu, au ya zamani yenye kichwa kidogo, watakukatalia au wataikata thamani. Mteja akikupa, mrudishie palepale kwa heshima: "Mama, samahani, hii wataikataa." Baada ya kuondoka kwake ni msalaba wako. Noti za akiba zilaze wazi ndani ya bahasha, usizikunje.

Hatua ya sita: lipatie kila lengo nyumba yake

Mama yangu hakuamini karatasi yoyote. Alinunua vikwembe vya wax, akavikunja sandukuni, akiuza kimoja kimoja shida ikija. Kijana nilimcheka. Baadaye ndiyo nikaelewa. Kizazi chake kiliona noti za zaire 5 na 10 zikifutwa Desemba 1979, kikaona Oktoba 1993 zaire milioni tatu zikigeuka kuwa zaire mpya moja. Kikwembe hakikufutwa na mtu.

Kopo au sanduku la nyumbani linafaa akiba ya dharura tu, kiasi kidogo. Lililo karibu na mkono huguswa.

Simu, yaani M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, inafaa lengo la karibu na la mwaka. Ina mifuko miwili, wa franka na wa dola. Weka pesa kwenye laini ya pili ambayo huitumii kupiga, na gharama za kutoa ziongeze kwenye kiasi cha lengo tangu mwanzo. Namba ya siri usimpe mtoto wa jirani akusaidie kutoa, hata kama ni mwerevu.

Likelemba inafaa sana lengo la mwaka, ukiijua. Watu 10, kila mmoja dola 20 kwa mwezi, kila mwezi mmoja anapokea 200. Haizai faida, bali inakulazimisha, kwa kuwa aibu ya kukosa mbele ya wenzako ina nguvu kuliko nia. Siri yake ni zamu. Kama ada inahitajika Agosti, omba zamu ya Agosti kabla kikundi hakijaanza. Ukipewa ya Februari, pesa itakaa nyumbani miezi sita ikitongozwa na kila mpita njia. Ingia na watu ambao unajua wanakaa wapi na wanafanya kazi gani, na wa kwanza kupokea wawe wale wasioweza kuhama.

Vikundi vya akiba na mikopo vinavyoitwa AVEC, ambavyo Goma na Bukavu wanavijua vizuri, vinaenda mbali zaidi: sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, wanachama wananunua hisa kila mkutano, wanakopeshana kwa riba ndogo, na mwisho wa mzunguko, kwa kawaida mwaka mmoja hivi, kila mtu anagawiwa hisa zake pamoja na faida. Mtaani kwako kikiwapo chenye mzunguko mmoja uliokwisha salama, ingia.

Nilipoteza dola 85 katika ushirika mmoja wa akiba ulioahidi asilimia 10 kila mwezi. Siku moja nilikuta mlango na karatasi ya "tutafungua Jumatatu". Ilikuwa Alhamisi, na Jumatatu hiyo bado haijafika. Kinshasa walishalipitia hilo kwa ukubwa mwaka 1991, enzi za Bindo, mchezo wa fedha ulioahidi faida kubwa kisha ukaanguka. Kabla ya kuweka pesa popote panapojiita benki au ushirika, uliza kibali cha Benki Kuu ya Kongo, nawe ukione kwa macho.

Hatua ya saba: ukoo uingie kwenye hesabu

Usijidanganye kwamba mwaka huu hakutakuwa na matanga. Yatakuwapo. Pia harusi, pia mgeni kutoka kijijini mwenye begi na dawa ya kununua. Mwaka uliopita ulitoa kiasi gani? Kigawe kwa 12, kiwe fungu lenye jina: fungu la ukoo.

Faida yake niliiona siku mdogo wangu alipokuja jioni, akaketi kwenye benchi la wateja, akaanza kuuliza habari za watoto mmoja mmoja. Nikajua.

"Yaya, nisaidie 40,000. Mwezi ukiisha nitakurudishia."

Zamani ningesema sina, huku mashine inaning'inia kichwani mwangu, naye angejua naongopa. Safari hii nilifungua daftari mbele yake. "Mdogo wangu, fungu la ukoo mwezi huu limebaki 15,000. Chukua. Usinirudishie. Hizi nyingine ni za mashine, na mashine ndiyo itakayolijaza fungu hili mwakani."

Alinuna kidogo. Kisha akauliza mashine ni bei gani.

Hatua ya nane: Jumapili jioni, dakika 20

Kila Jumapili jumlisha. Kila mwisho wa mwezi linganisha na mgawo. Ukipungukiwa, sogeza tarehe, usikope ili kulitimiza lengo. Ukipungukiwa miezi miwili mfululizo, lengo ni kubwa kuliko mapato yako, lipunguze bila aibu. Ukizidisha, nusu ya ziada nenda nayo mbele, nusu kula. Nasema kweli, kula. Nunueni kuku. Nyumba isiyoonja akiba huichukia, na watoto ndio wa kwanza kukuuliza kopo ni la nani.

Hatua ya tisa: siku ya kununua

Pesa ikitimia, hatari inaongezeka. Usitangaze. Nenda asubuhi, na mtu mmoja anayekijua kitu hicho kuliko wewe.

Kwa lupango, usitoe hata dola ya "kushika nafasi" kabla ya kuona karatasi na kuzipeleka mwenyewe ofisi ya ardhi. Karatasi yenye nguvu ni ile ya certificat d'enregistrement, yaani hati ya usajili. Nyingine zote ni hatua za kuelekea huko. Uliza majirani wa pande zote nne, kwa sababu lupango lililouzwa mara mbili hujulikana kwanza na jirani. Lipa mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, na aliyeoa auze pamoja na mkewe.

Kwa mashine yangu nilikwenda na yule fundi mwenzangu. Nilibeba vipande vyangu vya kitambaa, cha wax, cha sare ya shule na kile cha kuteleza cha harusi, maana muuzaji hukujaribishia kwenye kitambaa anachokipenda yeye. Cha tatu kilikunjamana. Fundi akakaza skurubu moja, akajaribu tena, kikapita. Tuliomba dola 20 zipunguzwe kwa ajili ya skurubu hiyo. Muuzaji akatoa 10 na sindano sita, akaandika risiti yenye namba ya mashine. Ile 10 niliirudisha kwenye daftari jioni hiyohiyo, nikaiandikia: mahindi, Juni.